Maswali ya Wasomaji: “Ting!” ya M1 Garand

SWALI: Nasikia bunduki ya M1 Garand ya Marekani ililia “ting!” risasi zikiisha, tena iliumiza vidole vya askari wake yenyewe. Ni kweli?

JIBU: Kweli yote mawili, na chanzo ni namna inavyojazwa. Risasi 8 hubanwa pamoja kwenye kibanio cha chuma, kisha fungu zima, pamoja na kibanio, husukumwa ndani kutoka juu. Risasi ya mwisho ikishafyatuliwa, springi hukirusha nje kibanio kitupu, nacho hulia. Ile hadithi kwamba adui aliusubiri mlio huo ili ashambulie, sisi tunaitilia shaka. Katikati ya milipuko, nani asikie kipande cha chuma?

Vidole viliumia hivi: kidole gumba kikiwa bado ndani, bolti, kile chuma kinachoteleza mbele kufunga nyuma ya mtutu, huachiliwa ghafla na kukibana. Askari walifundishwa kuzuia mkono wa bolti kwa ukingo wa kiganja kilekile hadi kidole kitoke.

Mbunifu wake, John C. Garand, mzaliwa wa Kanada, alifanya kazi Springfield Armory, kiwanda cha silaha cha serikali huko Massachusetts, na jeshi liliipokea mwaka 1936. Matoleo ya kwanza yalinasa gesi ya baruti mdomoni mwa mtutu, mpango uliosumbua. Baadaye kikatobolewa kitundu chini ya mtutu. Gesi husukuma fimbo ndefu inayozungusha bolti na kuirudisha nyuma. Fimbo hiyo ndiyo sehemu ya kuhurumia: baruti iwakayo polepole mno huongeza shinikizo kwenye kitundu, na fimbo hupinda.