Tunda la Roho ukutani: picha ya familia kwa mihuri ya matunda

Wengi wanaochora aya ya tunda la Roho hukosea tangu kichwa: wanaandika "Matunda ya Roho". Wagalatia 5:22-23 katika Biblia ya Union Version inasema "tunda la Roho", kwa umoja, kisha inataja upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Tunda moja, sifa tisa. Kwa hiyo tumia ubao mmoja wenye vyumba tisa, si karatasi tisa zilizotawanyika ukutani. Kila chumba kina neno lake na alama ya tunda lililokatwa, likapakwa rangi na kugandamizwa kama muhuri.

Chukua hadibodi yenye upana wa sentimita 60 na urefu wa 70. Sentimita 10 za juu ni za kichwa. Zilizobaki, acha pambizo la sentimita 3 pande zote, ugawe vyumba vya sentimita 18 kwa 18. Piga msasa laini, futa vumbi, kisha paka rangi ya maji nyeupe mara mbili, mbele na nyuma. Ukipaka mbele tu, ubao unavuta unyevu upande mmoja na kupinda. Usitumie mabaki ya rangi ya mafuta ya milango, kwa sababu rangi ya maji haishiki juu yake, inabanduka kama ganda.

Andika maneno yote kwa penseli kabla ya kugusa tunda. Anza na UVUMILIVU, neno refu kuliko yote: likienea ndani ya chumba kwa herufi za sentimita 1.5, mengine yote yataenea. Herufi aandike mtu mmoja. Mihuri ni ya kila mtu, hata mtoto wa miaka mitatu.

Matunda yanayotoa alama nzuri ni ndimu, pera, hoho na bamia. Epo likatwe kwa upana, si kutoka kikonyo kwenda chini, ndipo nyota ya mbegu inaonekana katikati. Chungwa lina maji mengi, linahitaji subira. Kata yote nusu saa mapema, uyalaze kifudifudi juu ya kitambaa. Bamia ipe saa nzima kwa sababu ya ute wake. Maji ya tunda ndiyo yanayofanya rangi iteleze na alama itoke kama doa.

Usichovye tunda kwenye rangi. Weka kijiko kimoja cha rangi ya akriliki (rangi ya maji ya kuchorea) kwenye sahani, usiongeze maji, kisha gusisha rangi juu ya tunda kwa kipande cha sponji. Choma uma mgongoni mwa tunda liwe na mpini kwa mikono midogo. Jaribu mara mbili kwenye gazeti, ndipo ugandamize ubaoni, uhesabu hadi tano, unyanyue wima. Tunda lipi liende na neno lipi, waachie watoto wachague. Wataanza wenyewe kuuliza utu wema na fadhili vinatofautianaje, na hapo inafaa kusimamisha kazi kidogo mkazungumza.

Alama ikiharibika, usiifute ikiwa mbichi, utaisambaza hadi chumba cha jirani. Iache ikauke, funika kwa nyeupe, rudia. Herufi zijazwe rangi siku ya pili. Baada ya saa 24 paka vanishi ya maji. Ile ya mafuta hugeuza nyeupe kuwa njano.