Kabla ya kupanda baiskeli kumchangia mgonjwa wa saratani

Watu wakisikia niliendesha baiskeli kutoka Nairobi hadi Mombasa kumchangia dada yangu anayeugua saratani ya matiti, huuliza kwanza ni baiskeli ya aina gani. Hilo liweke mwisho. Anza na mgonjwa: je, anataka? Ugonjwa ni wake, na ukishatangaza kwenye makundi ya WhatsApp, hadi mama mboga atamsimamisha kumuuliza anaendeleaje. Dada alikubali kwa masharti. Hatua ya ugonjwa isitajwe, na picha akachagua mwenyewe. "Weka ile ya harusi ya kitinda mimba wetu. Ukiweka hii ya kitambaa kichwani, watu watanichangia kama wanatoa rambirambi."

Kisha angalieni tarehe za kemo, yaani dawa kali za saratani, pamoja. Wiki moja hadi mbili baada ya dawa, kinga ya mwili kwa wengi hushuka, na joto likipanda anatakiwa hospitali haraka. Huo si wakati wa wewe kuwa njiani huko Voi, simu imeisha chaji, naye anatafuta mtu wa kumpeleka. Ukirudi na mafua, msalimie kwa simu.

Sasa pesa, ambapo ndugu hukosania. Tulifuata desturi ya harambee: namba ya kuchangia moja, mweka hazina ni binamu asiyejua hata kuendesha baiskeli, na orodha inatumwa kundini kila jioni. Chakula, malazi na tyubu nilijilipia. Mchango wa mgonjwa haununui tairi. Semeni mapema pesa ni za nini hasa, maana wengi hudhani SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inamaliza kila kitu. Bima haimlipii mtu nauli. Tiba ya mionzi kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, tena kwa wiki kadhaa. Hebu piga hesabu ya anayetoka Rongai hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta (KNH) kila siku: matatu kwenda na kurudi, chakula, na anayemsindikiza ambaye ameacha kibarua. Tulipoyaandika hayo waziwazi, hata mwenye shilingi mia hakuona haya kuituma.

Barabara yenyewe ni kama kilomita 480. Usiwasikize wanaosema ni mteremko mtupu kwa sababu Mombasa iko baharini. Vilima vya Salama vinakungoja, na katikati ya mwaka upepo wa kusi unakupiga usoni hata unapoteremka. Fanya mazoezi Tigoni na Limuru, kwenye milima ya kweli. Thika Road ina njia ya baiskeli, ila mtaigombania na boda boda.

Lori la kuogopa zaidi ni lile linalokuja mbele yako likilipita lenzake, limeshachukua upande wako. Litakuwashia taa, maana yake utoke. Toka, haki yako utaidai ukiwa hai. Na usiendeshe gizani, hasa kati ya Mtito Andei na Voi: mbuga ya Tsavo Mashariki iko upande mmoja, Tsavo Magharibi upande wa pili, na ndovu hawangoji baiskeli ipite.

Makindu usipapite bila kusimama. Hekalu la Sikh hapo hupokea wasafiri bila malipo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi na madereva na familia zilizo safarini, unapakuliwa chapati na dengu. Sadaka ni hiari. Sigara na pombe haziingii.

Ukifika pwani, bei ya kurudisha baiskeli kwa basi mkubaliane na kondakta kabla haijapakiwa. Ikishaingia kwenye buti, bei anaipanga yeye.