Je, kuomba mchango wa umisheni ni kukosa imani?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni muuguzi na mume wangu ni seremala, nasi tumekubaliwa na kanisa letu kwenda kutumika Turkana, kaskazini mwa Kenya, kwa miaka miwili. Kanisa litabeba nusu ya gharama, na nusu nyingine tumeagizwa tuitafute wenyewe kabla ya Januari. Tangu tuanze, mzee mmoja wa kanisa ametuambia kwamba mtu wa imani humwomba Mungu peke yake, na kaka yangu anasema nimegeuka ombaomba. Wengi walioahidi sasa hawapokei simu. Yupo mfanyabiashara aliye tayari kutoa fedha zote zilizopungua, ila anataka yeye ndiye aamue tutakaa wapi na tutafanya kazi gani. Tufanyeje? Na Januari ikifika fedha hazijatimia, tuelewe kwamba Mungu hakutuita?

JIBU: Dada yangu katika Kristo, Bwana asifiwe milele. Nianze na neno la mzee wenu, kwa sababu ndilo linaloweza kuwanyima amani kuliko mengine, na kwa sababu halikuzuka hewani. George Müller, aliyefungua nyumba ya yatima mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1836 na kulea maelfu ya watoto, alikusudia kutomweleza mwanadamu yeyote upungufu wake wa fedha, akamweleza Mungu peke yake. Hudson Taylor, aliyeanzisha mwaka 1865 utume wa kuingia sehemu za ndani za China, aliifuata njia hiyo na kuwaagiza wenzake wasiombe michango wala kukusanya sadaka katika mikutano yao. Mungu aliwatunza wote wawili, nami nawaheshimu sana. Lakini Müller huyo huyo alichapisha kila mwaka taarifa ndefu ya kazi yake, ikionyesha kila kilichoingia hata kikiwa senti chache, na wasomaji wa taarifa hizo wakaguswa wakatoa. Tena yeye mwenyewe alipeleka fedha nyingi kwa wamisionari wa Taylor. Ile ilikuwa nadhiri yao mbele za Mungu, na nadhiri ya mtu mmoja haiwi sheria juu ya dhamiri ya mwingine.

Maandiko yenyewe yana njia zaidi ya moja. Nehemia aliomba mbinguni, kisha palepale akamwomba mfalme ruhusa ya safari, barua za njiani na miti ya kujengea (Nehemia 2). Paulo aliwaandikia Warumi, watu ambao wengi wao hawajawahi kumwona, kwamba anakusudia kwenda Hispania na anatarajia wao wamsafirishe (Warumi 15:24), na katika waraka wa pili kwa Wakorintho sura mbili nzima, ya 8 na ya 9, zinahusu mchango tu. Yohana anamwambia Gayo kwamba kuwasafirisha watumishi waliotoka kwa ajili ya Jina ni kuwa mtenda kazi pamoja na kweli (3 Yohana 6–8). Kwa hiyo mjibuni mzee wenu kwa unyenyekevu kwamba mnamwomba Mungu kwanza, na ya kwamba Mungu huyo ana watoto ambao amewapa mali na masikio. Kipimo cha imani yenu kitaonekana siku ile mtu mliyemtegemea sana atakapowaambia hapana: je, mtamshukuru kwa kuwasikiliza na kumwombea baraka, au mtaondoka na kinyongo?

Kuhusu kaka yako, naomba usome Wafilipi 4:10–20 polepole, ikiwezekana ukae naye muisome pamoja. Paulo yuko kifungoni, Epafrodito amemletea zawadi kutoka Filipi, na shukrani anayoiandika ni ya mtu huru kabisa. Anasema amejifunza kuishi katika wingi na katika upungufu. Anasema hakitamani kile kipawa, bali anatamani mazao yanayozidi kuwa mengi katika hesabu ya wale waliotoa. Ombaomba anaitazama shilingi. Paulo anamtazama mtoaji, naye anamwona kuwa mshirika wa kazi, mwenye sehemu katika kila nafsi iliyoisikia Injili kule asikofika yeye. Ukiwaendea watu kwa moyo huo, aibu itapungua yenyewe. Ukiwaendea kwa moyo mwingine, kaka yako atakuwa na haki.

Sasa niseme juu ya namna ya kuomba, maana hapa ndipo nimeona watumishi wengi wema wakichoka bure. Tangazo la Jumapili baada ya mahubiri, pamoja na ujumbe uliotumwa kwa watu mia mbili katika kundi la simu, huleta fedha kidogo sana, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake atajibu. Watu wetu si wachoyo. Angalieni kamati za harusi: mtu wa mshahara mdogo hujibana miezi mitatu ili atimize kadi ya mchango, kwa sababu anamjua bwana harusi, anaijua siku, na anajua fedha yake itafanya nini. Waendeeni watu nyumbani, mmoja mmoja, mkiwa na karatasi moja inayoonyesha nauli, kodi ya nyumba, chakula, matibabu na vifaa vya kazi, na muwaombe jambo linaloeleweka, kwa mfano kiasi fulani kila mwezi kwa miaka miwili. Semeni kiasi. Nimewahi kuwasikia watumishi wakizunguka saa nzima na kuondoka bila kutaja hitaji lenyewe, na mwenyeji akabaki hajui kama ametembelewa au ameombwa.

Pia msiwaruke maskini mkidhani mnawahurumia. Mwaka 1910 kina mama wa Kanisa la Presbiteri la Mizoram, kaskazini mashariki mwa India, walianza desturi ya kutenga konzi moja ya mchele kila wanapopika. Mchele ule hukusanywa, huuzwa, na fedha yake huenda katika kazi ya Injili. Kanisa lile la watu wa milimani, wasio matajiri, limetuma wamisionari wengi kwa desturi hiyo, ambayo inaendelea hadi leo. Sisi tunao mnada baada ya ibada, tunazo sikukuu za mavuno, na bibi anayeleta kuku wake madhabahuni anafahamu vizuri kutoa ni nini. Mkimpita yeye na kwenda kwa wenye magari, mmemnyima nafasi aliyopewa na Bwana.

Walioahidi wakanyamaza msiwahukumu upesi. Ahadi nyingi hutolewa kwa moyo wa kweli, kisha mtoto anarudishwa nyumbani kwa ada au mvua zinakataa, na mwenye ahadi anaikimbia simu kwa haya. Paulo alikutana na jambo hilo hilo: Wakorintho walikuwa wameanza tangu mwaka uliotangulia, mchango ukalala, naye akawaandikia waitimize kazi waliyoianza, kila mtu kwa kadiri ya alicho nacho wala si asicho nacho (2 Wakorintho 8:10–12). Kumbusheni mara moja, kwa upole, na katika ukumbusho huo huo mwacheni mtu huru kwa maneno ya wazi: “Kama hali imebadilika, tunaelewa, na bado tunahitaji maombi yako.” Wengine watarudi. Mtu asipojibu baada ya hapo, msimfuate tena kwa habari ya fedha, lakini salamu msimkatie, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu, na mchango uliokamuliwa hauna ukunjufu ndani yake.

Suala la mfanyabiashara ni zito zaidi, nami nitasema wazi: msikubali kwa sharti hilo. Ni kweli Paulo alifundisha kwamba waihubirio Injili wana haki ya kupata riziki kwa hiyo Injili (1 Wakorintho 9:14), lakini huko Korintho aliiacha haki hiyo, akashona mahema pamoja na Akila na Prisila, na upungufu wake ukatimizwa na ndugu waliotoka Makedonia (2 Wakorintho 11:9). Alipokea Filipi akakataa Korintho, kwa kuwa alitazama fedha ile ingeufanyia nini uhuru wa Injili mahali pale. Makanisa yetu ya Afrika yanalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee, Marekani, na kutoa wito wamisionari na fedha za kutoka nje visitishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yapate kusimama yenyewe, na mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka ukaunga mkono wito huo. Wengi walikasirika. Mimi naamini aliona sawasawa kwamba anayelipa kila kitu huishia kuamua kila kitu, na hilo halibadiliki eti kwa sababu mlipaji ni mwenyeji badala ya mgeni. Nendeni kwa ndugu yule pamoja na mchungaji wenu, mmshukuru kwa dhati, mmweleze kwamba mahali na kazi vimeamuliwa na kanisa linalowatuma pamoja na kanisa la Turkana linalowapokea, na mumwombe atoe sehemu kama watoaji wengine. Akikubali, mmepata mshirika. Akikataa, mmejua mapema, na huko kujua ni rehema.

Fedha zenyewe zisipite katika namba ya simu yako wala ya mume wako. Nasisitiza hili hata kama mnaaminika, na hasa kwa kuwa mnaaminika. Paulo alipobeba mchango wa Yerusalemu alikataa kuubeba peke yake. Makanisa yalichagua ndugu wa kufuatana naye, ili mtu asije akawalaumu, wakitangulia kufikiri yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8:19–21). Ombeni usharika ufungue akaunti ya kazi hii yenye watia sahihi wasiopungua wawili, mtunza hazina atoe stakabadhi kwa kila mchango, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe kila robo mwaka mbele ya wote. Huduma nyingi zimekufa kwa swali moja tu ambalo halikuwa na karatasi ya kulijibu.

Mkishafika, andikeni barua hata mwezi ambao hamhitaji kitu. William Carey alipotumwa India, ndugu zake waliokutana Kettering, Uingereza, tarehe 2 Oktoba 1792 walikuwa wameandika ahadi za pauni 13, shilingi 2 na peni 6 tu. Fedha ziliisha mapema, naye akachukua kazi ya kusimamia kiwanda cha nili, rangi ya buluu ya kutia nguo, ili familia yake ipate chakula, jambo ambalo ufundi wenu wa uuguzi na useremala unaweza kuwarahisishia ninyi zaidi. Lakini kazi ile ilidumu kwa sababu Andrew Fuller, mmoja wa ndugu wale wa Kettering, alibaki Uingereza akizunguka, akiandika na kukusanya, mpaka alipofariki mwaka 1815. Mtafuteni Fuller wenu kabla ya kuondoka, mtu mmoja mwaminifu asiyekwenda popote.

Na katika barua hizo nawasihi, msiwauze Waturkana. Kuna jaribu kubwa la kupiga picha ya mtoto aliyekonda na kueneza habari za ukame pekee, kwa kuwa huruma hufungua mikoba haraka. Turkana kuna Wakristo, kuna wachungaji na wainjilisti waliozaliwa huko, kuna wazee wenye hekima ya kuishi mahali ambapo ninyi mtahitaji kufundishwa hata njia ya kufika kisimani. Kila mnachoandika kiwe ni kitu ambacho mngeweza kukisoma kwa sauti mbele ya mwenyeji wenu bila yeye kuinamisha kichwa. Picha ya mgonjwa wako, muuguzi, haina nafasi kabisa.

Kuhusu Januari, upungufu wa fedha peke yake hauthibitishi kwamba hamkuitwa, kama vile fedha kutimia hakuthibitishi kwamba mmeitwa. Paulo aliwaambia Warumi kwamba alikusudia kuwafikia mara nyingi akazuiliwa (Warumi 1:13), na wito wake haukutanguka. Tarehe ikifika, kaeni na halmashauri ya kanisa mtazame kilichopo. Kama kinatosha mwaka mmoja, huenda ikafaa muanze na mwaka mmoja. Kama hakitoshi, ahirisheni, wala msiende kwa mkopo. Ila mkiahirisha, waandikieni wote waliotoa ndani ya mwezi huo huo, muwaeleze kiasi kilichopo na tarehe mpya, na kila mmoja aulizwe kama anapenda mchango wake usubiri au arudishiwe. Atakayeomba arudishiwe arudishiwe wote, bila kuulizwa sababu.