Kabla hujang'oa pampu ya maji kwenye trela la zamani

Wadogo zangu mliofika huku Marekani mkapata kazi ya kukarabati matrela ya zamani, yale yanavutwa na pikapu, ndani kuna jiko, kitanda na sinki, kitu mtakachoitiwa sana ni pampu ya maji. Mwenye trela atakwambia imekufa, weka mpya. Naomba msikimbilie dukani.

Mimi la kwanza lilikuwa Airstream la mwaka 1972. Pampu inanguruma haivuti, nikaitoa nikafunga mpya ya volti 12, na hiyo mpya nayo ikanguruma vilevile, bomba la sinki linatema hewa tu, maji hamna. Nimeshinda siku nzima nimelala kifudifudi na tochi natafuta panapovuja, pakavu kabisa! Kumbe upande wa kutoka kwenye tenki kuja kwenye pampu, ukiwa na tundu hauvuji, unavuta hewa, maana huko pampu inanyonya, haisukumi, kwahiyo tone hutaliona. Tatizo lilikuwa kile kichujio kidogo cha plastiki kinachokaa kabla ya pampu, mpira wake umekauka umepasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Nikabadilisha mpira, maji yakaja. Pampu ya zamani nilikuwa nimeshaitupa na mteja ameshalipia.

Siku hizi sigusi kitu kabla ya kuweka ndoo. Chomoa bomba linaloingiza maji kwenye pampu, chomeka hapo kipande cha mpira wa maji kisicho na tundu, upande wa pili uzamishe kwenye ndoo ya maji, fungua bomba la sinki halafu washa. Ikivuta vizuri kutoka kwenye ndoo basi pampu ni nzima, rudi kwenye kichujio, jointi na tenki. Angalia na kile kibomba cha kupumulia tenki, kikiziba pampu itanyonya mpaka ichoke.

Ikiwa haizunguki, au inazunguka kinyonge, chukua testa ya kupimia volti. Betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6 ikiwa imetulia, sasa pima pale pale kwenye waya za pampu wakati inafanya kazi, ukikuta 10 usiilaumu pampu, ni waya au athi, yaani ule waya unaorudisha umeme kupitia chuma cha trela. Matrela haya athi imefungwa kwa skrubu kwenye chuma, miaka hamsini ya kutu, ipige msasa kwanza.

Kama kweli imekufa, haya. Toa waya wa betri, mwaga maji, piga picha ya waya na mabomba. Nyingi za kisasa zinatoa galoni 3 kwa dakika na zinajizima presha ikifika psi 55, na mabomba ya shaba ya zamani jointi zake zinaweza zisiipende hiyo presha, kwahiyo kaa karibu siku ya kwanza. Nati za plastiki zenye washa ndani kaza kwa mkono tu, bila tredi tepu (ile tepu nyembamba ya kuzungushia nyuzi za bomba), spana itazipasua. Pande zote mbili weka mpira unaopinda, sio bomba gumu, na miguu ya raba usiikandamize kwa skrubu, ibaki laini, la sivyo trela zima litatetemeka mtu akinawa usiku. Fyuzi soma kibandiko cha pampu, usiweke kubwa zaidi. Na kichujio lazima, hata kama trela halikuwa nacho, vipande vya plastiki kutoka kwenye tenki vinaua valvu za ndani.

Ukimaliza fungua mabomba yote, ya moto na ya baridi, subiri hewa iishe, funga moja moja mpaka pampu inyamaze. Halafu usiondoke. Kaa nusu saa kimya uisikilize. Ikistuka yenyewe hata sekunde moja wakati mabomba yote yamefungwa, maji yanatoka mahali, au valvu ya pampu inayarudisha kwenye tenki. Chukua tochi, anzia nyuma ya choo.