Nilipoacha kupiga makofi nikanunua daftari

Nyanya yangu alianguka kutoka kitandani mara mbili kabla sijaamua alale chini. Godoro nililomwekea nilikopa duka la jirani hapa Busia, Uganda, na nilikopa kwa kujiamini, kwa sababu redio ilikuwa imetangaza kwamba pesa za wazee, hizi tunazoziita SAGE, zinapelekwa nchi nzima. Ilikuwa mwaka wa fedha wa 2020/21. Nilikuwa nasukuma chapati, nikaacha nikapiga makofi peke yangu jikoni, mikono yote unga. Nikamwambia nyanya, "Hili godoro italipa serikali."

Nililipa mimi. Miezi saba, chapati kwa chapati.

Nimechelewa kukubali kwamba redio haikunidanganya. Ilisema wazi: shilingi 25,000 kwa mwezi, kwa mwenye miaka 80 na zaidi. Mimi nilisikia "wazee" na "pesa", hayo mengine yakanipita. Mpango ulipoanza kwa majaribio kwenye wilaya chache, miaka kumi nyuma, umri ulikuwa 65, na kule Karamoja, kaskazini mashariki, 60. Ulipopanuliwa kwenda kila wilaya, umri ukapanda. Ukikumbuka habari za shangazi yako aliyepata akiwa na 66, utaahidi watu vitu ambavyo havipo.

Na ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, ya nyanya ilisema amezaliwa 1948. Mwanamke huyu anakumbuka kaka zake wakirudi kutoka vita vya Burma vilivyoisha 1945, na yeye akitumwa kisimani kuwatekea maji ya kuoga! Siku ya kuandikishwa aliulizwa mwaka, hakuujua, mtu akamtazama usoni akakadiria. Basi kabla hujafuatilia ahadi yoyote ya serikali, fungua kadi ya mzee wako leo na usome tarehe. Sisi kilichotuokoa ni kadi ya ubatizo iliyokuwa imeviringishwa kwenye leso pamoja na vifungo vya koti la babu. Marekebisho yalichukua zaidi ya mwaka mmoja. Nauli sitaki hata kuihesabu.

Wakati huo nikienda na kurudi ndipo nikanunua daftari, lile la mraba la watoto wa shule. Kila ahadi nikiisikia naiandika kwa maneno yaleyale: nani kasema, wapi, kiasi gani, kwa nani, lini. Ahadi isiyokuwa na kiasi wala tarehe naiandika kwa penseli. Utashangaa kurasa ngapi ni za penseli, hasa miaka ya uchaguzi.

Kisha jifunze kalenda ya bajeti, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotupwa nje. Tunakusanyika kusikiliza hotuba ya Juni kana kwamba mambo ndiyo yanaamuliwa. Ikifika Juni ng'ombe ameshachinjwa na nyama imegawanywa. Makadirio ya awali yanatakiwa yafike Bungeni kabla Desemba haijaisha, taarifa za sera za wizara kufikia tarehe 15 Machi, na Bunge linapaswa kupitisha bajeti kufikia tarehe 31 Mei. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Kwa hiyo mimi barua zangu naandika Januari. Wizara ya wazee ni ile ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na tangu 2021 Bungeni kuna wabunge watano wanaokaa kwa ajili ya wazee. Kwenye mabaraza ya chini pia wazee wana wawakilishi wao. Wetu nilikuja kugundua ni mzee ninayemuuzia chapati kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Barua, narudia, barua. Maneno ya mdomoni kwenye korido ya gombolola, ofisi ya tarafa yetu, hayaachi alama. Sheria ya kupata habari ya 2005 inazipa ofisi za serikali siku 21 kukujibu. Toa nakala, wapigie muhuri wa kupokelewa, rudi nayo nyumbani. Mara ya kwanza karani alinitazama juu ya miwani.

"Mama, wewe mwandishi wa habari?"

"Hapana mkubwa, nauza chapati."

Alicheka, lakini alipiga muhuri. Siku ya kumi na tisa nikapata karatasi moja yenye tarehe ya malipo yajayo. Karatasi moja! Ila nilijua siku ya kwenda, na nilijua pia kwamba mzee asiyeweza kutembea anaweza kuandikisha mtu wa kumpokelea, jambo ambalo tungelijua mapema tusingembeba nyanya kwenye bodaboda katikati ya watu wawili kama gunia la mihogo.

Siku hizi anapata. Huja miezi kadhaa kwa pamoja, na paketi ya nepi za watu wazima inameza karibu pesa ya mwezi mzima. Sidharau, sabuni na sukari vimepata mwenyewe. Lakini daftari langu nimeligawa sehemu mbili, pesa na mikono, na ukurasa wa mikono ni mweupe. Katiba ya 1995, kwenye malengo yake, inasema serikali itaweka utaratibu unaofaa kwa ustawi na matunzo ya wazee. Matunzo ni nani anamgeuza nyanya saa nane usiku asipate vidonda. Ni mimi, na dada yangu akitoka Tororo. Mhudumu wa afya wa kijiji hupita kwa miguu yake, kwa kujitolea, na hana hata glavu.

Wala msiniambie haiwezekani Uganda. Hospice Africa Uganda, huduma ya wagonjwa wasiopona aliyoianzisha daktari Anne Merriman mwaka 1993, imekuwa ikiwafuata wagonjwa nyumbani kwao, na mwaka 2004 nchi hii iliruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini, dawa ya maumivu makali. Kumfuata mgonjwa kitandani kwake tunajua. Kwa hiyo mgombea akija na "tutawatunza wazee wetu", mimi huuliza kwa mikono ya nani, na anayelipwa na fungu lipi. Wengi huhamia habari za barabara.

Jioni namsomea nyanya daftari. Juzi alinisimamisha.

"Andika pia chairman aliniahidi kuku wa Krismasi."

"Lini, nyanya?"

"Siku ile alipokuja kuomba kura."

Nikaandika, kwa penseli. Kuku alikuja tarehe 9 Januari, mdogo, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Nyanya akaniomba kalamu.