Shangazi, mpira wa mkononi dola 35?

Shangazi shikamoo. Mimi nauza urembo Kariakoo, hereni, vibanio, saa za mpira za watoto, kwa hiyo bei za mzigo nazijua. Desemba naenda na wanangu wawili kwa dada yangu Orlando, tutalala kwake, na keshawaahidi watoto Disney. Sasa wanataka bendi ya mkononi kila mmoja, dada anasema ni dola 35, bado masikio ya Minnie ya kuvaa kichwani na pini za kubandika nguoni. Nimeangalia picha, ni mpira tu! Mzigo kama ule mie nauchukua kwa dazeni. Wanauzaje vile na watu wanapanga foleni? Ninunue au nikaushe?
Mama Wawili, Dar

Marahaba mwanangu, umenichekesha na hiyo dazeni yako. Ngoja tuongee kidukani. Hiyo bendi inaitwa MagicBand, ilitoka 2013, na kwa miaka mingi ukilala kwenye hoteli zao pale Florida ulikuwa unapewa bure, tena na jina lako limeandikwa kwa ndani. Ina chipu, unaigusisha mlangoni chumba kinafunguka, unaigusisha getini unapita, dukani unagusisha unaweka namba ya siri na bili inaenda chumbani. Hapo kwenye bili ndo pametulia, maana mtu hajatoa noti hata moja, haumii, anakuja kushtuka siku ya kuondoka! Watu wakazoea, kuanzia 2021 bure ikakatwa, ukiitaka nunua. 2022 ikaja MagicBand+, ya kuchaji, inawaka taa na kutetemeka, ile ya rangi tupu ikaanzia dola 34.99 na zenye michoro juu zaidi. Wewe si unajua, saa yenye katuni na saa isiyo na katuni zinatoka kiwanda kimoja ila hazilingani bei. Halafu kule bei ya kwenye lebo haina kodi, Orlando ni asilimia 6.5, kwa hiyo kaunta utasomewa 37 na senti zake.

Masikio nayo yapo tangu miaka ya 50, yalianza kama kofia. Ila mwaka 2017 walitoa ya rangi ya rose gold, ya kumetameta, yakaisha madukani watu wakaanza kulanguana mtandaoni, na toka hapo rangi mpya hazikauki. Mtu ana masikio kumi na kichwa kimoja. (Mimi ninayo jozi mbili, yako juu ya kabati yanakula vumbi, usimwambie mjomba wako.)

Lakini aliyetunga biashara ya pini huyo namvulia ushungi. Ilianza 1999. Wafanyakazi wanavaa pini kwenye kamba ya shingoni, mtoto akiona anayoipenda anatoa yake wanabadilishana, hata kama yake ni ya kawaida kabisa, mradi iwe ya chuma na ya Disney kweli. Sasa sikia, kuna zinazoitwa Hidden Mickey, hizo dukani hazipo, unazipata kwa kubadilishana tu, na za kubadilishia utazitoa wapi kama hujanunua za dukani? Nyingine wanatengeneza idadi maalumu na wanaiandika kwa nyuma, basi mkusanyaji akiiona hiyo namba hata bei haulizi. Ukifungua duka Januari nenda kaandike namba nyuma ya vibanio vyako uone, ila namba ziwe za kweli.

Sasa wewe. Kama mnalala kwa dada, hakuna mlango wa hoteli wa kufungua wala chumba cha kupeleka bili, kwa hiyo nusu ya kazi ya bendi kwenu haipo, na getini simu ya dada yenye tiketi zenu inatosha. Kausha. Ila mkienda Universal, washindani wa Disney hapo hapo Orlando, kwenye Super Nintendo World, eneo la Mario ndani ya bustani yao ya Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025, pale bendi yao mimi ningenunua, walau moja, maana mtoto anaruka anapiga boksi na koini zinaingia kwenye app ya simu, na ile michezo ya kutafuta funguo hafanyi bila bendi mkononi. Mashine za kupanda anapanda bila hiyo.

Disney nunua masikio jozi moja kila mtoto na pini tatu tatu za kubadilishana. Usiagize zile za mtandaoni za bei chee zinazouzwa kwa mafungu, nyingi feki. Na hiyo idadi waambie mkiwa bado sebuleni kwa dada, maana kule ukishuka kwenye mashine nyingi njia ya kutokea inapita katikati ya duka, na masikio yamepangwa usawa wa macho ya mtoto.