Njia nyeupe, ubao unasema punguza: kwa nini?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, ruti yangu ni Dar–Tunduma. Hivi karibuni nilikwenda Uingereza kumsalimia dada yangu, na shemeji akanipitisha barabara ya M25 inayozunguka London. Njia ilikuwa nyeupe kabisa, lakini mbao za taa zilizoning'inia juu ya barabara ziliandika 60, mbele kidogo 50, na magari yote yakapunguza. Hatukukuta ajali wala mafundi. Zile mbao zina kazi gani? Na je, zingetufaa kwenye mlima wetu wa Kitonga?

JIBU: Nzuri, kaka. Inawezekana kabisa hukukuta kitu kwa sababu mbao zilishamaliza kazi yake kabla hujafika.

M25 ilianza kutumia vikomo vya mwendo vinavyobadilika mwaka 1995, kwenye kipande cha kusini-magharibi mwa London. Chini ya lami, katika kila njia, kumefukiwa nyaya, takribani kila baada ya mita 500. Gari likipita juu yake, kompyuta inapata idadi ya magari na mwendo wake, na ikiona yanaanza kubanana inapunguza namba kwenye mbao zilizo nyuma ya pale. Namba zile ni maili: 60 ni kama kilomita 96 kwa saa, 50 ni kama 80. Ikiwa ndani ya duara jekundu ni sheria, na kamera zipo.

Sasa kwa nini upunguziwe mwendo wakati njia iko wazi? Chukua njia moja inayopitisha magari 1,800 kwa saa. Hapo kila baada ya sekunde 2 linapita gari. Mmoja akigusa breki, wa nyuma yake anakanyaga zaidi kidogo, anayefuata zaidi tena, na huko nyuma kuna mtu anasimama kabisa bila kujua sababu. Kusimama huko kunarudi nyuma kama wimbi, kilomita 15 hadi 20 kwa saa, hata kama aliyegusa breki ameshafika nyumbani. Watafiti wa Japani walilionyesha jambo hili mwaka 2008: magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wakaambiwa waende mwendo mmoja. Hakukuwa na taa, shimo wala trafiki mwenye tochi, na foleni ikajizalia yenyewe. Magari yanayofika pale taratibu yanalipatia wimbi muda wa kufifia. Zaidi ya yote, hayaukuti mkia wa foleni yakiwa na kilomita 110 kwa saa, na mkia wa foleni ndipo watu wanapokufa.

Kitonga ni habari nyingine. Kwenye mlima wenye njia moja kwenda na moja kurudi, shida si wimbi la breki. Shida ni lori lililoharibika kwenye kona, na wewe hujui mpaka unaliona. Dawa yetu wote tunaijua: matawi yanayotandikwa barabarani. Nayaheshimu sana yale matawi, yameokoa wengi. Lakini umeshayakuta mangapi yamekauka, lori lenyewe limeondoka juzi? Ukiyakuta hivyo mara tatu, ya nne hupunguzi. Ubao wa kielektroniki una ugonjwa huo huo. Ukiachwa na tangazo la jana, madereva wanajifunza kuupuuza, na siku ya hatari ya kweli hauna msaada. Kwa hiyo kabla ya kununua ubao wowote, mimi nauliza kwanza ni nani atakayeuzima, na baada ya dakika ngapi.

La pili ni maneno. Mwongozo wa Marekani wa alama za barabarani unataka maandishi ya mbao za barabara kuu yasomeke mita 240 mchana na 180 usiku. Kwa kilomita 100 kwa saa, hiyo ni sekunde 8 na nusu mchana, 6 na nusu usiku, na macho yako yana kazi nyingine pia. Kiswahili chetu kina maneno marefu. "Ndugu dereva, tafadhali endesha kwa uangalifu kwani mbele yako kuna ajali iliyohusisha magari mawili" haisomeki. Hata LORI LIMEHARIBIKA inakula herufi 16. Mimi ningeandika hivi:

LORI BOVU
KM 2
PUNGUZA MWENDO

Nini, wapi, ufanye nini. Basi.

Na tafadhali tusijaze mbao hizo mahubiri. Kule Texas, kuanzia 2012, mbao za barabara kuu zilionyesha idadi ya waliokufa barabarani mwaka huo, wiki moja kila mwezi. Nia ilikuwa njema kabisa. Watafiti Jonathan Hall na Joshua Madsen walilinganisha wiki hizo na nyingine, na mwaka 2022 wakachapisha matokeo: ajali ziliongezeka kwa asilimia 4.5 katika kilomita 10 baada ya ubao. Maelezo yao ni kwamba habari ya kifo inamshika dereva akili kwa muda, wakati ule ule anaohitaji kuitumia barabarani.

Kwa hiyo, ndiyo, mbao zingefaa Kitonga, lakini si za mtindo wa M25. Ningeanza na mbili za sola zilizowekwa kwenye tela, moja chini kwa anayepanda na moja juu kwa anayeshuka, na mtu wa zamu mwenye simu anayepokea taarifa na kuzifuta. Mahali pa kuziweka ni muhimu kuliko ukubwa wake. Dereva aliyeshaanza kuteremka na tani 30 hana cha kufanya na tangazo. Alilihitaji kabla, angali anaweza kuingiza gia ya chini au kuegesha.

Hapo nakuhitaji wewe. Ukirudi kutoka Tunduma na mzigo kamili, ni wapi mahali pa mwisho kabla ya mteremko ambapo bado unaweza kulitoa lori barabarani salama? Niandikie. Nusu kilomita kabla ya hapo ndipo ubao wa juu unapotakiwa kusimama.